Nimesahau namba ya siri ya laptopu, na hesabu za kikoba zimo ndani

Ndugu Fundi,

Habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 62, naishi Kihonda hapa Morogoro. Nakuandikia baada ya wiki kadhaa za kukosa usingizi.

Ni katibu wa kikoba cha akina mama, tuko 28. Tulianza na madaftari. Mwaka 2022 nilinunua laptopu ya mtumba, kijana wangu wa mwisho akaniwekea kila kitu na kunifundisha Excel. Tangu hapo hesabu zote ziko humo: hisa za kila mmoja, nani kakopa, nani karejesha, faini, mfuko wa jamii. Kila mwanachama ana ukurasa wake. Tunavunja kikoba wiki ya pili ya Desemba.

Mwezi wa sita wajukuu walikuja likizo, wakawa wanaifungua laptopu kucheza gemu. Nikaogopa wasije wakafuta kitu, nikabadili namba ya siri usiku kabla ya kulala. Alfajiri ya siku hiyo hiyo nikapigiwa simu kwamba kaka yangu amefariki Songea. Nikaondoka na nguo nilizovaa, nikakaa huko mpaka arobaini. Niliporudi nikawasha laptopu, namba haiji kichwani kabisa. Nimejaribu mwaka niliozaliwa, mwaka niliozaa, tarehe ya ndoa, hata ile ninayotolea pesa kwenye simu. Nikikosea mara kadhaa inaniambia niandike A1B2C3. Nikadhani ndiyo namba mpya nimepewa. Nikaiandika, ikanirudisha pale pale.

Fundi wa kwanza aliitazama akasema, "Mama, hapa ni kupiga Windows tu. Elfu thelathini, jioni unaichukua." Nikamuuliza, na faili zangu? Akasema zilizoko kwenye D zinabaki. Mimi sijui D ni nini, faili langu liko pale mbele, nikiwasha tu naliona.

Fundi wa pili alisema ana flashi inayovunja pasiwedi yoyote kwa dakika tano, ila nimwachie mpaka kesho. Kabla ya hapo alibonyeza maandishi fulani chini ya kile kisanduku, akaunganisha bando la simu yake, ikatokea baruapepe yenye jina langu na namba namba, kisha namba ya simu iliyofichwa, zinaonekana tarakimu mbili tu za mwisho, 47. Akasema, "Hii haitusaidii." Roho ilikataa kumwachia, nikaichukua nikarudi nyumbani.

Hiyo baruapepe sijawahi kuifungua hata siku moja. Aliitengeneza kijana wangu, sasa yuko chuo Mbeya, nimempigia anasema hakumbuki alichoandika. Laini niliyokuwa natumia wakati ule iliibiwa pamoja na pochi stendi mwaka jana. Sikuihangaikia kwa sababu nilikuwa na nyingine.

Linaloniuma zaidi ni kwamba sijawaambia wenzangu. Michango naandika kwenye karatasi. Mwenyekiti ameniuliza mara mbili habari ya taarifa, nikamwambia naiandaa. Nimefundisha miaka 34, sijawahi kuwadanganya watu hawa. Niambie ukweli, nikubali wapige Windows?

Mwalimu mstaafu, Kihonda

*

Mwalimu, shikamoo. Pole sana kwa kumpoteza kaka. Mtu aliyebadili namba ya siri usiku na kupokea simu ya msiba alfajiri, namba ile haikupata hata siku moja ya kukaa kichwani. Usijilaumu kwa kuisahau.

Jibu la swali lako ni hapana. Usikubali wapige Windows. Hesabu zako hazijafutika, ziko kwenye diski kama ulivyoziacha mwezi wa sita. Kilichopotea ni namba ya kufungulia, na ukiisoma tena barua yako utaona ufunguo mwingine ulishajitokeza, ila aliyeuona hakuujua.

Nianze na habari ya D, maana sentensi hiyo imeshawaliza wengi. Mafundi wetu wana desturi ya kuigawa diski sehemu mbili: C, ambako Windows yenyewe inakaa, na D, ambako mtu anashauriwa aweke vitu vyake. Wakipiga Windows wanaifuta C na kuiacha D. Fundi hakukudanganya. Lakini wewe umesema faili unaliona pale mbele ukiwasha tu. Pale mbele, kwa lugha ya kompyuta, ni ndani ya C. Picha ulizohamisha kutoka kwenye simu, barua ulizochapa, vyote kwa kawaida Windows huviweka C bila kukuuliza. Kwa hiyo jioni ile ungerudishiwa laptopu safi inayofunguka vizuri, na kurasa za watu 28 hazimo.

Sasa twende kwenye ile 47. Nataka ukae chini uikumbuke laini iliyoibiwa. Iliishia na ngapi?

Kama ni 47, basi akaunti inayofunga laptopu yako inakutambua wewe kwa namba hiyo, na njia ya kurudi ndani ipo wazi. Kama si 47, muulize kijana wako namba aliyokuwa akitumia mwaka 2022, maana mara nyingi kijana akimtengenezea mama akaunti huweka namba yake mwenyewe ili kodi, yaani zile tarakimu za uthibitisho zinazotumwa kwa ujumbe, imfikie haraka. Hivi ndivyo nitakavyouliza kwanza kwa mtu yeyote anayeniletea kompyuta iliyofungwa: akaunti hii ni ya nani, na imefungwa kwenye namba ipi? Yule fundi alikuwa na jibu mkononi akalipita.

Ngoja nikueleze kinachoendelea ndani ya kile kioo, kwa sababu ukikielewa hakuna atakayekutisha. Laptopu yako ina vitu viwili tofauti. Kuna namba ya siri, ile fupi, uliyoibadili usiku ule. Namba hiyo inaishi ndani ya laptopu hiyo tu, Microsoft hawaijui, na hakuna wa kukukumbushia. Juu yake kuna nywila ya akaunti ya Microsoft, ambayo ndiyo ile baruapepe yenye jina lako na namba namba. Mwenye nywila ya akaunti anaweza kuweka namba mpya ya siri wakati wowote, na faili haziguswi. Na nywila ikisahaulika, inabadilishwa kwa kodi inayotumwa kwenye simu iliyoandikishwa. Kwa hiyo mlolongo wako ni huu: laini inakupa kodi, kodi inakupa nywila, nywila inakupa namba ya siri.

A1B2C3 nayo imewachanganya wengi. Si namba mpya. Ukikosea mara kadhaa, Windows inataka ithibitishe kwamba kuna mtu anayesoma kioo, na si mjukuu anayegonga vitufe ovyo au kitabu kilichoangukia kibodi. Unaandika hicho inachotaka, kisha inakuruhusu ujaribu tena. Ila sasa acha kujaribu. Ukizidi kukosea inaweza kukuzuia kabisa, ikakuambia uiache ikiwa imewashwa kwa saa mbili ndipo ujaribu tena. Ikifika hapo usiizime, iache kwenye umeme usubiri.

Kabla hujatoka nyumbani kuna kitu kimoja kidogo cha kuangalia. Kama laptopu yako ina vitufe vya namba upande wa kulia, kama kikokotoo, angalia taa ndogo ya Num Lock. Ikiwa imezimika, unagonga namba na hakuna kinachoandikika, au kinaandikika pungufu. Nimeshaletewa kompyuta na mtu aliyekuwa tayari kulipa kupigiwa Windows, tukabonyeza kitufe hicho kimoja, akaandika namba yake ile ile, ikafunguka. Jaribu mara moja kwa namba unayoiamini zaidi, ukitumia mstari wa namba wa juu, ukigonga polepole. Ikikataa, iache.

Halafu nenda kwenye duka la kampuni ya simu ya laini iliyoibiwa. Chukua kitambulisho cha NIDA au namba yake. Laini zilisajiliwa upya kwa alama za vidole, na zisizosajiliwa zilianza kufungwa Januari 2020, kwa hiyo kama laini ile ilikuwa kwa jina lako, kidole chako kinatosha kuthibitisha. Waambie unataka kurudisha laini, namba ile ile. Kama ilisajiliwa kwa jina la mtu mwingine, ni lazima uende naye. Usikawie, kwa sababu laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, na namba yake hatimaye hupewa mtu mwingine. Imeshapita mwaka, au karibu na hapo. Inawezekana imeshagawiwa, inawezekana bado ipo. Nenda kesho kama unaweza.

Laini ikirudi, usianze na laptopu. Anza na simu. Fungua intaneti, andika account.live.com/password/reset. Itakuuliza baruapepe, andika ile yenye jina lako na namba namba. Kama hukuinakili, washa laptopu, iunganishe na bando la simu yako kwa alama ya mtandao iliyo chini kulia, halafu bonyeza palipoandikwa "I forgot my PIN", utaiona. Iandike kwenye karatasi herufi kwa herufi. Kwenye simu, chagua utumiwe ujumbe kwenye namba inayoishia 47. Itakutaka uandike tarakimu nne za mwisho za namba hiyo ili ijue unaifahamu. Kodi ikija, iandike, kisha weka nywila mpya. Usiweke ya haraka haraka ya kusahaulika. Weka maneno matatu au manne ya kawaida yaliyofuatana ambayo yana maana kwako peke yako, na uyaandike kwenye karatasi itakayokaa na hati zako za nyumba.

Hapa ndipo ninapokuomba utulie kidogo kabla ya kurudi kwenye laptopu. Ukiwa bado kwenye simu, ingia onedrive.live.com kwa baruapepe hiyo na nywila mpya. OneDrive ni ghala la Microsoft la mtandaoni, na akaunti ya bure inapewa GB 5. Siku hizi Windows ikishaunganishwa na akaunti huwa inapenda kunakili yenyewe vilivyoko pale mbele, nyaraka na picha, kwenda kwenye ghala hilo, na wengi wanakubali wakati wa kuiandaa kompyuta bila kusoma. Kama kijana wako alikubali, utaliona faili la kikoba likikusubiri ndani ya simu yako. Lipakue papo hapo, ujitumie kwa WhatsApp, umtumie na kijana wako. Sikuahidi kwamba lipo. Ila nimewahi kumwona mtu akiketi chini kwa furaha baada ya kulikuta, na laptopu yake ilikuwa bado imefungwa.

Ndipo sasa laptopu. Iwashe, iunganishe na intaneti. Hili ni la lazima, kwa sababu umebadili nywila ukiwa kwenye simu na laptopu bado haina habari. Bonyeza "I forgot my PIN", andika nywila mpya, itakutumia kodi nyingine, kisha itakuomba uweke namba mpya ya siri. Weka, na imekwisha. Hakuna faili lililoguswa.

Na kama namba ya 47 imeshapewa mtu mwingine? Usimpigie mtu huyo kumwomba akusomee kodi. Atakuona tapeli, na atakuwa na haki. Kwenye ukurasa ule ule kuna njia ya kusema kwamba huna tena vitu hivyo, na utapewa fomu ya kurejesha akaunti. Inataka baruapepe nyingine ambayo unaipata, tumia ya kijana wako. Itauliza jina na tarehe ya kuzaliwa kama zilivyoandikwa siku ile, nywila za zamani ambazo kijana wako anazikumbuka hata kwa kubahatisha, na watu uliowahi kuwaandikia kama baruapepe hiyo ilitumika. Ijaze pamoja na kijana kwenye simu, kwa sababu aliyeandika tarehe ya kuzaliwa ni yeye, na vijana wakati mwingine huandika 1 Januari ili wasonge mbele. Ijazie hapo nyumbani, kwa mtandao unaoutumia siku zote, maana hata mahali unapoingilia kunahesabika. Jibu kwa kawaida hurudi ndani ya saa 24. Ikikataa unaweza kujaribu tena, ila si zaidi ya mara mbili kwa siku, kwa hiyo kila mara ongeza kitu kipya mlichokikumbuka.

Katika haya yote, kodi ni ya macho yako peke yako. Ukianza kuuliza uliza habari ya akaunti iliyofungwa, watajitokeza watu mtandaoni wakikuambia wanaweza kuirudisha kwa malipo kidogo, uwatumie tu kodi. Ni ndugu wa wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Microsoft hawakupigii simu kukuomba kodi, wala duka la laini hawaihitaji.

Sasa nirudi kwa fundi wa flashi, kwa sababu nisingependa wasomaji wengine wadhani alichosema ni uongo mtupu. Zipo flashi za namna hiyo, na kwenye kompyuta nyingi za zamani zinafanya kazi: zinafuta nywila ya akaunti iliyomo ndani ya mashine. Kwako kuna sababu mbili za kuikataa. Ya kwanza, alitaka umwachie mpaka kesho. Kompyuta yenye hesabu za pesa za watu 28 hailali kwa mtu usiyemjua. Ya pili ni kubwa zaidi. Laptopu nyingi zikishaunganishwa na akaunti ya Microsoft hujifunga diski nzima kwa kitu kinachoitwa BitLocker. Maana yake kila kilichomo kimeandikwa kwa fumbo, na hata ukiichomoa diski ukaipachika kwenye kompyuta nyingine hutasoma kitu. Fundi akianza kubadili mipangilio ya ndani ili flashi yake iwake, laptopu inaweza kushtuka, ikaleta kioo cha bluu kinachotaka ufunguo wa tarakimu 48. Arobaini na nane, mwalimu. Hakuna anayeukariri, na flashi haiubahatishi. Unahifadhiwa wapi? Mara nyingi ndani ya akaunti ile ile ya Microsoft, kwenye account.microsoft.com/devices/recoverykey. Unaona inavyoturudisha kwenye laini ya 47. Ukishaingia kwenye akaunti, pitia hapo, na ukiukuta ufunguo huo uuandike kwenye karatasi pamoja na nywila.

Njia ya fundi inakuwa ya heshima akaunti ikishindikana kabisa na diski ikawa haijafungwa. Hapo haiguswi hata Windows. Anawasha laptopu kwa flashi yenye Ubuntu, mfumo wa bure ulioanzia kwa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004 na wenye jina ambalo Mbantu yeyote analielewa, anafungua diski yako kama anayefungua kabati, ananakili faili kwenye flashi nyingine mbele ya macho yako. Ndipo aipige Windows, na wewe huna wasiwasi. Muulize swali moja tu kabla hajaanza: "Utanitolea faili kwanza?" Akijibu kuhusu D, ondoka.

Kwa msomaji mwingine ambaye kompyuta yake haina baruapepe, ina jina tu na nywila, hali ni nyingine. Hapo Microsoft hawakujui na hakuna kodi ya kutumwa. Kosea nywila mara moja kwa makusudi uone kama yatatokea maandishi ya "Reset password". Tangu mwaka 2018 Windows 10 humtaka anayeweka akaunti ya namna hiyo achague maswali matatu ya siri: mji uliozaliwa, shule ya kwanza, jina la utani la utotoni na mengine kama hayo. Majibu lazima yaandikwe kama yalivyoandikwa siku ile. Kama uliandika "Dar", usiandike "Dar es Salaam". Na kama nyumbani kuna mtu mwingine mwenye akaunti yenye mamlaka kwenye kompyuta hiyo hiyo, aingie kwa jina lake akubadilishie nywila. Nywila zako zilizohifadhiwa kwenye kivinjari zinaweza kupotea, lakini nyaraka na picha zinabaki. Wa mwisho kabisa ni yule ambaye ana alama kwenye nywila, kama @, na kompyuta inaikataa ingawa ana hakika nayo. Kibodi ya Kimarekani na ya Kiingereza zimebadilishana @ na alama za kunukuu. Bonyeza lile jicho dogo pembeni ya kisanduku uone unachoandika hasa.

Mwalimu, nimebakisha lile uliloliweka mwisho, nami naona ndilo zito. Mpigie mwenyekiti leo. Kabla ya duka la laini, kabla ya kitu chochote. Mwambie maneno haya haya uliyoniandikia mimi: nilibadili namba, nikapata msiba, nimeisahau, nashughulikia. Ni akina mama waliokuchangia rambirambi, sidhani kama kuna mmoja atakayekosa kuelewa. Kila siku unayosema "naandaa" ndiyo itakayokugharimu, kwa sababu Desemba wakija kujua, swali halitakuwa tena kuhusu namba ya siri.

Tena wao wana sehemu ya hesabu. Kila mwanachama ana daftari lake la hisa, lenye mihuri au sahihi ya kila kikao. Mhazini ana lake. Kuna taarifa ulizowahi kuzituma kwenye kundi la WhatsApp, hata kama ni picha tu ya kioo, zitafute kwa kupanda juu kwenye mazungumzo. Waombe walete madaftari kikao kijacho, mkae watatu, mjumlishe. Hata laptopu ikigoma mpaka Desemba, kikoba kitavunjwa na kila mtu atapata chake. Itakuwa kazi ya siku mbili tatu, lakini inawezekana, na wewe ulishasahihisha madaftari mengi kuliko hayo.

Na mkiwa hapo, mtazame sanduku lenu. Vikoba vingi vina sanduku lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, ili asiwepo mmoja anayeweza kulifungua akiwa peke yake. Mliweka utaratibu huo kwa ajili ya noti. Hesabu zenyewe mkaziweka nyuma ya kufuli moja, ufunguo wake kichwani mwa mtu mmoja, na siku mtu huyo alipofiwa, kikoba kizima kikafungwa naye. Kila baada ya kikao tuma faili kwa mwenyekiti na mhazini. Weka nakala kwenye flashi ikae ndani ya sanduku lenyewe, pamoja na bahasha iliyofungwa kwa gundi na kusainiwa juu yake na watu watatu, ndani yake ile nywila na zile tarakimu 48. Na kwenye akaunti ongeza namba yako ya sasa na ya kijana wako, usiache 47 peke yake. Ila usiifute 47 siku hiyo hiyo. Ukibadili vitu vyote vya utambulisho kwa mpigo, Microsoft hukuwekea subira ya siku 30 kabla ya kuvikubali, na wewe Desemba inakusogelea.

Ukikwama mahali popote, piga picha ya kioo kama kilivyo unitumie, nikusomee kinachosema. Kama kuna kodi kwenye picha hiyo, ifunike kwa kidole.